Kilemba cha Wajir

Mgeni alitulia kama mtoto anayevalishwa kanzu asubuhi ya Idi. Shuka jeupe lilipitishwa juu ya shati lake, likazungushwa mabegani; kilemba cheupe kikafungwa kichwani. Aliyekuwa akimvika ni Sheikh Mahmed Hassan. Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Agosti 2006, mjini Wajir, na mgeni alikuwa Barack Obama, seneta wa Illinois ambaye hata miaka 2 alikuwa hajamaliza katika Seneti ya Marekani. Mpigapicha alibonyeza, shughuli zikaendelea.

Jana yake alikuwa Kogelo kwa nyanya yake, Mama Sarah, na Kisumu, ambako yeye na mkewe Michelle walipimwa virusi vya Ukimwi hadharani. Safari ya Nyanza haikuhitaji maelezo: mtoto amerudi kwa baba. Ya Wajir haikuwa na undugu wa damu. Kaskazini Mashariki ilikuwa imetoka kwenye ukame wa 2005 na 2006, uliomaliza mifugo na kuwaacha wafugaji wakingoja chakula cha msaada, na Obama alikuwa mjumbe wa kamati ya Seneti ya mambo ya nje. Siku hizo lami ya kutoka Nairobi iliishia Garissa. Kutoka hapo kwenda Modogashe na kisha Wajir ilikuwa mchanga na vumbi, na mvua ikinyesha ilikuwa kulala njiani. Wapo wanasiasa wa Nairobi waliozeekea bungeni bila kuona kisima kimoja cha Wajir. Huyu alikuja.

Katika msafara wake wa Afrika mwaka ule alikuwamo Scott Gration, jenerali wa jeshi la anga la Marekani, mtoto wa wamishonari aliyekulia Kongo na Kenya na kukijua Kiswahili. Mwaka 2011 huyo huyo alirudi Nairobi akiwa balozi. Sijui kama siku ile mtu alimnong'oneza Obama kwamba kwa Waswahili kilemba ni kitu cha kuangalia sana. Fundi hupewa kilemba na mwanafunzi aliyehitimu. Mjomba hudai kilemba chake mpwa wa kike anapoolewa. Na ukisifiwa kwa hila, tunasema umevikwa kilemba cha ukoka, kwa maana majani yale hunyauka kabla ya jioni. Kwa Wasomali wa Wajir jambo ni jepesi zaidi. Vazi lile jeupe ni la mzee, mtu ambaye akisimama barazani wengine hunyamaza. Ukimvika mgeni, unamwambia kwamba kwa leo amehesabiwa miongoni mwetu. Si vazi la sala wala la vita.

Miezi 18 baadaye picha ile iliibuka mahali ambapo hakuna mtu wa Wajir aliyekuwa na habari napo: katikati ya mchujo wa chama cha Democratic.

Mchujo ni neno la jikoni. Tui huchujwa, machicha yakabaki. Siasa za Kenya ziliazima neno hilo kwa siku ile ambayo chama kinatafuta nani apeperushe bendera yake, na kwa kawaida siku hiyo huisha kwa viti kurushwa. Wamarekani hawachuji siku moja. Huanza Januari na kwenda jimbo kwa jimbo hadi Juni, kila mgombea akiokota wajumbe kama mtu aokotaye maembe chini ya mti. Mwaka 2008 aliyetaka tiketi ya Democratic alihitaji wajumbe 2,118. Na juu ya wajumbe wa kura walikuwapo wengine, karibu 800, waliokuwa wajumbe kwa vyeo vyao: maseneta, magavana, marais wastaafu, vigogo wa chama. Hao walikuwa huru kumuunga mkono wamtakaye. Yaani hata Marekani, ukifunua sufuria, unakuta wazee wamekaa chini.

Kilichoufanya mchujo ule uwe wa kihistoria kilionekana kwa macho. Kila dalili ilionyesha kwamba tiketi ya chama kikubwa ingekwenda ama kwa mwanamke, Hillary Clinton, ama kwa mtu mweusi, na hakuna hata mmoja wa aina hiyo aliyewahi kuipata. Wengine walikuwapo. John Edwards alikuwa na nguvu mwanzoni, na seneta mmoja wa Delaware, Joe Biden, alipata chini ya asilimia 1 huko Iowa, akafunga virago usiku ule ule.

Iowa ilipiga kura tarehe 3 Januari 2008, na namna yake ingemshangaza Mkenya wa umri fulani kwa kuwa ameshaiona. Wanachama wa Democratic walikusanyika shuleni, kanisani, kwenye kumbi za mitaa. Halafu watu walisimama kwa makundi: wa Obama pembe hii, wa Clinton pembe ile, wa Edwards karibu na mlango. Vikahesabiwa vichwa. Katika vituo vingi kundi lisilofika asilimia 15 lilivunjwa, na watu wake wakavutwa mikono na majirani ili wajiunge na kundi jingine. Hakukuwa na siri. Mwalimu wako alikuona ulipo, na muuza duka anayekukopesha vilevile.

Sisi tuliuita mlolongo. Februari 1988, KANU ikiwa chama pekee, wanachama waliambiwa wajipange nyuma ya mgombea wamtakaye au nyuma ya wakala wake aliyeshika picha yake. Aliyefikisha asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni, bila kura ya siri. Ilifanyika hivyo Kenya nzima, na katika Kaskazini Mashariki kusimama hadharani nyuma ya picha kulikuwa na uzito wake: eneo lote lilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, na ofisa anayehesabu mstari ndiye yule yule ambaye kesho utamwomba kibali. Malalamiko yakabaki ya aina moja kote nchini: mstari mrefu ulitangazwa mfupi, na mfupi ukatangazwa mrefu. Mwishoni mwa 1990 KANU yenyewe ikaufuta. Tofauti ya Iowa na mlolongo haikuwa katika kusimama. Ilikuwa kwa mwenye kuhesabu.

Obama alishinda Iowa. Siku hiyo hiyo, tarehe 3 Januari, polisi wa Nairobi walikuwa wakiwarushia gesi ya machozi wafuasi wa ODM, chama cha Raila Odinga, waliotaka kufika Uhuru Park. Kura ya urais ya tarehe 27 Desemba 2007 ilikuwa imeipasua Kenya. Wiki ile, kati ya mkutano mmoja wa kampeni na mwingine, Obama alirekodi ujumbe kupitia Voice of America akiwasihi Wakenya watulie. Hadi moto uzimwe, tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu, watu 1,133 walikuwa wameuawa. Kwa hiyo Wakenya walioufuata mchujo wa Marekani kwenye redio walikuwa na sababu zaidi ya ujirani wa jina. Waliwaona watu wakishindana miezi 5 kwa maneno makali, na asubuhi kila mtu anaamka nyumbani kwake.

Garissa na Wajir walikuwa na sababu nyingine pia. Kambi za Dadaab, katika wilaya ya Garissa, zilifunguliwa 1991, na kutoka humo maelfu ya Wasomali walihamishiwa Marekani, wengi wakiishia Minnesota. Minnesota ilifanya mikutano yake ya mchujo tarehe 5 Februari 2008, na Obama akaibeba kwa mbali. Habari za Minneapolis zilisafiri kwa njia ile ile inayopita xawilaad, hela itumwayo na jamaa kutoka ng'ambo: simu ya binamu.

Ndipo ikafika Jumatatu, tarehe 25 Februari. Tovuti ya Drudge Report iliichapisha picha ya Wajir, na kudai kwamba ilikuwa ikisambazwa na watu wa kampeni ya Clinton. Wakati huo Obama alikuwa ameshinda majimbo mfululizo tangu mapema mwezi ule, na Ohio na Texas zilikuwa zimebaki siku 8. Tayari uvumi ulikuwa umezagaa kwenye barua pepe kwamba ni Mwislamu wa siri, na jina lake la katikati, Hussein, likitamkwa kwa kuvutwa. Sasa uvumi ukapata picha. Mtu hakuhitaji kuongeza neno. Kilemba cheupe, uso mweusi, nchi isiyojulikana. Msomaji atajaza mwenyewe.

Kambi ya Obama, kwa sauti ya meneja wake David Plouffe, ilisema huo ni uchochezi wa hofu wa kutia aibu. Kambi ya Clinton, kwa sauti ya Maggie Williams, ikajibu kwa ujanja unaostahili kusomwa mara 2: kama watu wa Obama wanaona picha ya mgombea wao akiwa na vazi la Kisomali inaleta mgawanyiko, basi waone haya wao. Kesho yake, katika mdahalo wa Cleveland, Clinton alisema hana habari picha imetoka wapi, Obama akasema analikubali neno lake, na wakahamia mambo mengine.

Mimi naona jibu la Williams lilikuwa la kweli, ingawa lilitoka katika kinywa cha mtu aliyefaidika na uongo. Kambi zote 2 zilikuwa zikilisukuma vazi lile kama mtoto wa haramu ambaye hakuna anayetaka kuulizwa babake. Hakuna aliyesema waziwazi mbele ya wapiga kura wa Ohio: huyu alialikwa na wazee wa mji fulani, wakampa heshima yao kubwa kabisa, akaipokea. Sentensi moja. Pengine ingemgharimu kura.

Wajir waliisikia. Wazee walikasirika na kutaka Hillary Clinton aombe radhi. Walichosema ni kwamba vazi lao limetukanwa. Kwamba mgeni alivikwa kwa mapenzi, na sasa mapenzi yao yanaonyeshwa duniani kama ushahidi wa kosa. Nairobi kelele hizo hazikusikika sana. Wiki ile ile, tarehe 28 Februari, Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakitia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan, na nchi nzima ilikuwa imeshusha pumzi.

Hasira ya Wajir ilikuwa na mizizi mirefu kuliko kampeni ya Marekani. Watu wa kule wameulizwa swali la Ohio, je, huyu ni wetu?, kwa zaidi ya miaka 60, na wao ndio walioulizwa, si mgombea wao. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilizunguka iliyokuwa Northern Frontier District ikisikiliza maoni, na ikakuta kwamba Wasomali wengi mno walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni, akatangaza kwamba watakuwa jimbo la saba la Kenya. Wakasusia uchaguzi wa Mei mwaka ule. Desemba 28, wiki 2 na siku kidogo baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Vita viliisha, sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991.

Na kuna Wagalla. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vijiji vyake, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji. Walifungiwa humo siku kadhaa juani, bila maji. Waliamriwa kuvua nguo, na nguo zikachomwa. Waliokataa kuvua waliuawa pale pale. Serikali ilitaja vifo 57. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, alisimama bungeni kuikana hesabu hiyo, na walionusurika huhesabu wenzao kwa mamia, wengine kwa maelfu. Mji uliovuliwa nguo hadharani hauchukulii shuka jeupe kwa wepesi. Wazee waliokuwapo Wajir mwaka 2006 walikuwa vijana au watu wazima mwaka 1984.

Halafu Novemba 1989 ukaja mchujo wa aina nyingine. Serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wajitokeze wathibitishe uraia wao, wao peke yao kati ya makabila yote. Mtu alisimama mbele ya kamati akitaja babu, babu wa babu, chifu wake, kisima chake. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Aliyekwama aliweza kufukuzwa nchini. Neno ni lile lile la jikoni: tui huku, machicha kule.

Turudi Ohio. Tarehe 4 Machi 2008 Clinton alishinda huko, na kura ya Texas pia, japo Obama ndiye aliyetoka Texas na wajumbe wengi zaidi. Hakuna mwenye mizani ya kupima picha ya Wajir ilichangia nini. Mchujo uliendelea hadi tarehe 3 Juni, siku ya Montana na South Dakota, ambapo vigogo wengi zaidi wa chama walimiminika upande wa Obama na idadi ikatimia. Clinton alijitoa tarehe 7 Juni na kumuunga mkono. Novemba 4 Obama akachaguliwa rais, na Kibaki akaitangaza tarehe 6 kuwa sikukuu. Kenya ilipumzika siku nzima kwa uchaguzi wa nchi nyingine.

Kaskazini Mashariki nako mchujo ulikuwa ukijijengea sura yake. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na kaunti zikaleta gavana mwenye bajeti. Koo zikaona kiti kimoja kikubwa hakigawanyiki, na kupigana ni hasara. Kwa hiyo kabla ya kura ya 2013 wazee walikaa chini. Mandera, wazee wa Garre waligawa viti mapema, nani wa ugavana, nani wa useneta, nani wa bunge, na Ali Roba akawa gavana. Garissa mazungumzo yalipita kati ya koo za Abudwak, Aulihan na Abdalla. Wasomi wakaupa mtindo huo jina, demokrasia ya maafikiano. Watu wa kawaida husema tu, wazee wameamua.

Wanaousifu husema umeokoa damu, na katika eneo lililoona vita vya koo si sifa ndogo. Wanaoulaumu husema mwenye fedha huwafikia wazee kabla ya mchana, na kwamba kijana au mwanamke hupata habari za mgombea wake kama anavyopata habari za mvua, baada ya kunyesha. Mwaka 2017 wazee wa Garre waliamua waliokuwa madarakani wawapishe wengine. Roba akakataa, akagombea, akashinda. Wapiga kura walikuwa wamewasikiliza wazee kwa adabu, wakaingia kibandani na kufanya walivyotaka. Mwaka ule ule, Ijara, katika kaunti ya Garissa, Sophia Abdi Noor akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa jimbo katika Kaskazini Mashariki nzima. Miezi 9 kabla yake Hillary Clinton, aliyeupata mchujo wa 2016 kwa jaribio la pili, alikuwa ameshindwa na Donald Trump, mtu aliyeingia siasa kubwa kwa kudai kwamba Obama hakuzaliwa Marekani na kumtaka aonyeshe cheti. Mzee yeyote wa Wajir angelitambua swali hilo.

Obama alirudi Kenya Julai 2015, rais sasa. Ilikuwa miezi 3 na wiki kadhaa tangu wanafunzi na wengine, jumla watu 148, wauawe katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kaskazini hakufika. Tarehe 26 alihutubia taifa katika ukumbi wa ndani wa Kasarani, na umati ulimshangilia. Ni katika viwanja hivyo hivyo vya Kasarani ambako Septemba 2007 ODM ilifanya mchujo wake na kumpa Raila tiketi. Na ni humo humo, Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, ambako Wasomali waliokamatwa Eastleigh, wenye vitambulisho na wasio navyo, walifungiwa kwa maelfu wakingoja kuchujwa.

Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuondoa usaili wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitishwa ili wapate kitambulisho, ule wa kukaa mbele ya kamati na kuulizwa babu ni nani. Watoto waliozaliwa Wajir mwezi ule Obama alipovikwa kilemba walikuwa wametimiza miaka 18 Agosti iliyotangulia. Bila kitambulisho hawawezi kuandikishwa kupiga kura, na kura inayofuata ni ya Agosti 2027.